Samaki wa bwawani anatazamwa mgongo

MZEE WA BWAWANI ANAJIBU

Mwezi huu sanduku la barua limejaa samaki watupu. Kuku hakuna, mbuzi hakuna, hata yule bwana wa sungura ambaye hutuandikia kila mwezi amenyamaza. Nadhani ni baridi, watu wamejifungia ndani wanawaza mambo ya kupamba. Nimechagua barua nne, ya kwanza nimeipa nafasi kubwa kwa sababu ndani yake yamo maswali ya watu wengi, nyingine nitapita haraka.

*Shikamoo Mzee wa Bwawani. Mimi ni mama wa watoto watatu, nimezaliwa Songea ila sasa naishi Reading, Uingereza, huu mwaka wa 12. Nyuma ya nyumba tuna grinihausi ya vioo aliyoiacha mwenye nyumba wa zamani, humo nimepanda mgomba mmoja (hauzai lakini unanifariji), mchaichai na pilipili. Mume wangu kanichimbia bwawa humo humo ndani, urefu mita 3, upana mita 1 na nusu, kina sentimita 70, tumetandika laina nyeusi (ile shiti ya kuzuia maji yasivuje) na tunataka kufunga hita maana huku baridi inaanza mwezi wa kumi mpaka wa nne. Nataka samaki wa rangi, yaani rangi kweli kweli, mtu akiingia mle asahau kama nje kuna theluji. Orodha yangu ni koi 6, neon 40, angel 4, na kama inawezekana wale samaki wa kwetu Ziwa Nyasa ambao huku wanauzwa bei mbaya. Je wataelewana? Na hita niweke digrii ngapi?*
*– Mama wa Songea, Reading*

Marahaba mwanangu, na hongera kwa mgomba, hata usipozaa majani utapikia.

Sasa orodha yako. Nimeisoma mara mbili nikacheka kidogo, usinikasirikie, maana imeandikwa na mtu aliyesimama mbele ya tangi la kioo dukani, na bwawa lako halina kioo. Wewe utasimama juu, au utakaa kwenye stuli na kikombe cha chai mkononi, na siku zote utakachokiona ni mgongo wa samaki. Na Mungu aliwaumba samaki wengi na migongo ya giza kwa makusudi, mdiria akipita juu asione kitu, akiona maji na mawe tu. Rangi wameziweka ubavuni ambako wanaonana wenyewe kwa wenyewe.

Hili nililijua Kigoma nikiwa kijana. Nilikuwa nafanya kazi na wapiga mbizi waliokuwa wanakamata samaki wa mapambo wa kusafirishwa Ulaya, kazi yangu mimi ilikuwa kufunga mifuko, maji kidogo, oksijeni nyingi, raba bendi mbili, unatia kwenye boksi la povu. Walikuwa wananiletea ndoo imejaa samaki nami naiona ndoo ya mkaa. Weusi, kahawia, basi. Nikiinua mfuko juu usawa wa macho, jua likipita kwenye maji, ndo naona ubavu umewaka bluu, mkia njano, shavu jekundu. Samaki yule yule! Miaka baadaye nilikaa kwa binti yangu Uholanzi, nikamjengea bwawa ndani ya kibanda cha vioo, nikasahau nilichojifunza Kigoma, nikanunua samaki kwa kuwatazama kwenye kioo. Tukawamwaga bwawani. Mjukuu akauliza, babu, samaki wako wapi? Walikuwepo 15 pale mbele yake.

Kwa hiyo kabla hujalipa hata senti, fanya hivi. Nenda dukani na ndoo nyeusi, mwombe muuzaji akutilie samaki mmoja au wawili na maji yao humo, simama wima juu ya ndoo utazame. Kama rangi bado unaiona basi huyo ni samaki wa bwawa. Kama umeona kijiti cheusi kinatembea, mshukuru muuzaji amrudishe kwenye tangi. Muuzaji akikataa nenda duka lingine, Wajapani wenyewe wanaouziana koi kwa pesa ndefu wanawatazama toka juu kwenye beseni la bluu na hakuna anayeona ajabu.

Tupitie orodha. Neon ni kasamaki ka sentimita 3 au 4, uzuri wake wote ni ule mstari wa bluu na nyekundu ubavuni, toka juu utaona sindano. Tena anapenda maji laini ya mito ya Amazon, na maji ya Reading najua ni magumu, chungulia ndani ya birika lako la umeme, si kuna ukoko mweupe umeganda chini? Huo ndo ugumu wenyewe. Angel naye ni bapa kama sahani iliyosimamishwa, kwenye tangi ni malkia, toka juu ni makali ya kisu.

Koi ndo hadithi nyingine. Koi rangi anayo na mgongoni ndo kwenyewe, Wajapani wa Niigata walimzalisha karne ya 19 kutokana na samaki wa kawaida wa chakula yule wanayemwita kapu, na wamemchagua kwa kumtazama toka juu vizazi na vizazi. Tatizo ni ukubwa. Unamnunua sawa na kidole, baada ya miaka michache ana sentimita 60 na anaendelea. Bwawa lako mita 3 kwa 1 na nusu kwa 0.7 ni kama lita 3,150. Koi sita wakubwa humo ni kama kufuga ng'ombe sita sebuleni, maji yatachafuka kuliko filta yoyote utakayomudu, mimea watang'oa, na hao neon 40 watakuwa ni kifungua kinywa. Halafu koi hahitaji hita kabisa, barafu juu ya bwawa lenye kina anaivumilia, sasa unamlipia umeme wa nini? Koi mtoe.

Umeniuliza digrii ngapi, nami nakurudishia swali, maana digrii na samaki vinachaguliwa pamoja, huwezi kuchagua kimoja halafu kingine kikafuata. Fanya hesabu ndogo hii. Kupandisha lita 1,000 za maji kwa digrii 1 kunakula yuniti 1.16 ya umeme. Bwawa lako ukilitoa digrii 12 kulipeleka 24 ni yuniti kama 44, na hita ya kilowati 1 itafanya kazi hiyo karibu siku mbili mchana na usiku, hapo hujahesabu joto linalotoroka, na linatoroka sana. Chukua bili yako uzidishe. Na hiyo ni kupandisha mara moja tu, kulibakiza pale miezi sita ndo gharama yenyewe ilipo. Joto la bwawa linatorokea juu zaidi, kwenye uso wa maji, kwa mvuke. Kwa hiyo usiku funika. Plastiki nene ya mapovu, ile wanayofungia vyombo, ikate saizi ya bwawa ielee juu, acha pembe moja wazi hewa ipite. Itakuokolea pesa kuliko hita ya gharama, na vioo vyako havitatoa jasho la kudondokea pilipili usiku kucha zikaota ukungu. Kama laina hamjaifunga kabisa basi ingizeni shiti ya povu chini yake na pembeni, najua mume wako ataguna, mpe chai.

Kuna njia mbili hapo. Ya kwanza, weka 18 mpaka 20, umeme nafuu, utie samaki wa dhahabu, na usiwadharau! Wachina wanawazalisha zaidi ya miaka 1,000 sasa, na kama koi walikuwa wakitazamwa toka juu kwenye mitungi na madimbwi kabla vioo havijawa vitu vya kawaida. Usichukue wale wembamba wa kawaida ambao hata nje wanaishi, chukua wale wa mviringo wenye mikia miwili kama gauni, riukini na oranda, wekundu na weupe waliochanganyika. Hao baridi kali ya nje inawatesa, hivyo grinihausi yenye uvuguvugu ndo nyumba yao hasa. Kumi wanatosha. Mkia wa oranda mweupe ukifunguka juu ya laina nyeusi ni kitu utakaa ukitazama mpaka chai ipoe.

Ya pili ni kuweka 24 au 25 utie samaki wa joto. Hapa wapo wale wekundu wa kuzaa, yaani platii na soditeli, ambao porini kwao Meksiko na Amerika ya Kati soditeli ni wa kijani, wekundu ule ni kazi ya wafugaji, na kwa sababu wekundu wao ni wa mwili mzima toka juu unaonekana safi. Maji magumu wanayapenda. Soditeli anaruka lakini, mwache maji yawe chini ya ukingo sentimita 15 hivi la sivyo utamwokota kwenye mchaichai.

Ila wewe nakujua, mtu wa Songea hukuandika barua ndefu vile kwa ajili ya platii. Unataka samaki wa nyumbani. Haya.

Ziwa Nyasa lina mamia ya aina za hawa wa jamii ya perege na furu, wale wa kwenye mawe wanaitwa mbuna, jina la watu wa ziwani kwenyewe ambalo Wazungu wamelichukua lilivyo, ukienda duka lolote la Uingereza ukisema mbuna watakuelewa. Mbuna ninaowakumbuka kwa bwawa ni yule wa njano, Labidochromis caeruleus, dukani wanamwita yellow lab. Huyu ana sifa tatu ambazo ni nadra kukaa kwa samaki mmoja. Njano yake ni ya mwili mzima mpaka mgongoni. Jike na dume wote ni wa njano, wakati kwa aina nyingi za ziwa lile dume ndo anapendeza na jike ni kijivu, unalipia 20 unapata rangi ya watano. Na ukali wake ni mdogo ukilinganisha na ndugu zake, maana mbuna wengine ni wahuni haswa. Watie 20 au 25. Toka juu utaona ndizi mbivu zinaelea, na pezi la mgongoni lina mstari mweusi kama limechorwa kwa wino, ukikaa kimya utauona linapofunguka wakigombana. Maji yao ziwani ni ya digrii 23 mpaka 28 na si machachu, yako upande wa chokaa, kwa hiyo lile birika lako lenye ukoko kwao ni habari njema, ungekuwa Glasgow au Manchester ambako maji ni laini ningekuambia utie mawe ya chokaa kwanza.

Muuzaji atakushawishi uchanganye na wale wa rangi ya machungwa, redi zebra. Wanapendeza ndio. Lakini hawa wawili wanapandana, na watoto wanatoka rangi ya chai ya maziwa, na mama anabeba mayai mdomoni wiki tatu hivi bila kula kisha anatema vifaranga, mwaka mmoja tu utakuwa na bwawa la machotara usiojua umuuzie nani. Chagua aina moja. Ukipenda zaidi machungwa chukua hao peke yao, dume mmoja kwa majike watatu au wanne, maana dume ni mkorofi.

Nikuongezee mmoja ambaye hukumuuliza. Ziwa Victoria, Ghuba ya Mwanza, kuna furu ambaye wataalamu wa Kiholanzi walimpa jina la Mwalimu mwaka 1985, mwaka ule ule aliong'atuka. Anaitwa Pundamilia nyererei, hilo pundamilia ni Kiswahili chetu hicho hicho kwa ajili ya mistari myeusi ubavuni. Dume lake lina wekundu, na wekundu huo uko wapi? Mgongoni! Toka puani mpaka pezi la juu, kama kamwagiwa rangi na mtu aliyesimama juu yake. Sababu ni kwamba anaishi chini zaidi kuliko binamu yake wa bluu, na maji ya Victoria yana tope, mwanga unaofika kule chini ni wa wekundu wekundu, jike linachagua dume ambaye rangi yake inaonekana kwenye mwanga huo. Ugumu wake ni kwamba majike ni wa rangi ya mchanga na madume yanafukuzana kwelikweli, wanaotawala ndo wanawaka, waliopigwa wanafifia. Kwenye bwawa kama lako ukiweka 20, ukapanga mafungu manne matano ya mawe mbali mbali kila dume apate kwake, utaona vijinga vya moto vitatu vinne vinazunguka na wengine kama vivuli. Mimi ningewapenda hao kuliko wa njano, lakini mimi ni mtu wa ajabu, na wageni wako watataka njano. Usiwachanganye na furu wengine, watazaana. Na nunua waliozalishwa kwenye matangi, wako wafugaji Ulaya wanaowatunza kwa uangalifu.

Kuhusu laina, nyeusi mmefanya vizuri sana, samaki wengi juu ya kitu cheupe wanajipausha ili wasionekane na juu ya giza wanakoza. Chakula nacho kina kazi yake, samaki hatengenezi wekundu na njano mwenyewe, anaupata mdomoni, kama vile flamingo wa Natron, mpe chakula chenye spirulina (aina ya ukoga wa kijani) na mara moja moja kamba waliosagwa. Mbuna usiwazidishie nyama nyama, matumbo ya wengi wao ni ya kula ukoga wa kwenye mawe, watavimba.

La mwisho kwako, na nakuomba sana. Usitie samaki siku maji yanapojaa. Maji ya bomba yana klorini, tia dawa ya kuiua, kisha washa filta na hita, anza na samaki wanne watano, pima amonia na naitraiti (sumu zinazotokana na mavi ya samaki) kila siku mbili kwa vile vichupa vya kupimia, mpaka visome sifuri. Ni wiki nne mpaka sita, bakteria wa filta wanahitaji muda huo kuongezeka. Kwenye maji ya chokaa yenye joto kama yako amonia ni sumu zaidi, si ya kufanyia mchezo. Na umeme mtafute fundi mwenye cheti aweke soketi yenye kikata umeme, hita ikae ndani ya sanduku la filta siyo wazi bwawani, na kirekebisha joto kiwe pembeni, usiitegemee swichi ya ndani ya hita peke yake. Ile ya Uholanzi iling'ang'ania kuwaka usiku mmoja. Sitaki kuizungumzia.

*Mzee, salamu toka Njombe. Nina grinihausi ya nailoni ya nyanya, mita 8 kwa 15, ndani nimechimba kisima cha kuhifadhia maji ya kumwagilia, simenti, lita kama 8,000. Mtoto wangu anataka samaki wa rangi humo. Hita siwezi, umeme wenyewe unakuja na kuondoka. Nifanyeje?*
*– Mkulima, Njombe*

Ndugu yangu, Njombe mwezi wa sita na wa saba naijua, nililala gesti moja hapo nikavaa soksi mbili na koti ndani ya blanketi. Lakini wewe una bahati kuliko yule mama wa Reading kwa sababu mchana jua lipo. Lita 8,000 ndani ya nailoni hazipoi usiku mmoja, zinapoa taratibu, na asubuhi jua linazirudisha.

Tia samaki wa dhahabu, wale wa kawaida wembamba, wekundu na wa madoa. Koi pia bwawa lako linambeba mmoja wawili watatu, zaidi ya hapo hapana. Usiku wa digrii 10 hawana habari nao, wanapunguza kula tu, nawe punguza kuwapa, maji yakiwa ya baridi sana chakula kinawaozea tumboni na kingine kinaoza chini. Mbuna na soditeli usithubutu.

Kisima cha simenti mpya kinatoa chokaa kali, kijaze ukimwage mara tatu nne kwa wiki mbili kabla ya samaki. Na ukimwagilia acha angalau nusu kisima, nimeona mtu anamwagilia nyanya mpaka samaki wanalala ubavu kwenye tope halafu anauliza ugonjwa gani huu. Faida yako nyingine ni kwamba maji yale yenye mavi ya samaki ni mbolea, nyanya zitakushukuru. Ila kabla hujafanya lolote soma barua inayofuata, inakuhusu kuliko unavyodhani.

*Mzee habari yako. Niko Limuru, Kenya. Niko na pond ndogo ndani ya grinihausi, samaki wa dhahabu 18, wengine nimekaa nao miaka 4. Wiki mbili zilizopita wadudu weupe waliingia kwa nyanya nikapiga dawa, mwenye duka aliniambia hii ni ya pareto, ni ya asili haina madhara hata ukikula mboga kesho yake. Jioni nikapata samaki wanazunguka zunguka kama walevi, asubuhi wote 18 juu ya maji. Ni dawa ama ni kitu ingine?*
*– Msomaji, Limuru*

Pole sana, miaka minne si kidogo, samaki wa dhahabu anafika kukujua hatua zako.

Ni dawa. Na mwenye duka hakukudanganya kabisa, hapo ndo ubaya ulipo. Pareto ni ua, Wakenya mmelilima vizazi na vizazi, na sisi huku Makete na Mufindi vilevile, kwa mtu na kwa ng'ombe sumu yake ni ndogo. Kwa samaki ni balaa, kiasi kidogo mno ndani ya maji kinamvuruga mishipa ya fahamu, ndo ule ulevi uliouona. Dawa nyingine za dukani ambazo majina yake yanaishia na "-thrin" ni watoto wa pareto waliotengenezwa kiwandani, kali zaidi na hazivunjiki upesi. Pareto ya asili jua linaivunja mapema, zile za kiwandani zinakaa kwenye tope la chini. Ndani ya grinihausi hakuna upepo wa kupeleka ukungu wa dawa mbali, unapanda, unagonga nailoni, unateremka na matone mpaka bwawani. Hata ungefunika bwawa saa moja, usiku jasho la nailoni lingeuleta.

Mwaga maji yote, lakini siyo kwenye mtaro unaoelekea mtoni, mwaga shambani. Sugua kuta, toa tope lote, jaza upya, weka mkaa ulioamilishwa kwenye filta wiki mbili, halafu tia samaki wawili wa bei ndogo kabla ya kununua wengine. Dawa za ukungu zenye kopa nazo ni sumu kwao, ile bluu bluu. Kwa wadudu weupe tundika vile vibao vya njano vyenye gundi, vingi, karibu na majani ya juu, na ulizia wenye mashamba makubwa ya maua kuhusu kale kanyigu kadogo kanakoitwa Encarsia ambako kanataga mayai ndani ya mdudu mweupe na kummaliza, hakana habari na samaki.

*Mzee Assalam aleikum. Mimi niko Muscat, mzee wangu alitoka Unguja. Mie shida yangu kinyume, bwawa langu liko ndani ya kibanda cha plastiki, januari raha, lakini kuanzia mwezi wa tano maji yanafika 33, samaki wa dhahabu wanakuja juu kutweta. Nataka rangi na nataka wasife.*
*– Ndugu yenu, Muscat*

Waaleikum salaam. Maji ya digrii 20 yanashika oksijeni kama miligramu 9 kwa lita, ya 30 yanashika 7 na nusu, na samaki kwenye joto anahitaji zaidi, siyo pungufu. Wanatweta kwa sababu hawapumui. Samaki wa dhahabu wagawie jamaa mwenye tangi la ndani lenye kiyoyozi, hapo bwawani weka moli na gapi, waliozalishwa wa njano, machungwa na weupe, joto wanalistahimili vizuri zaidi, na moli hata maji yakizidi chumvi hajali, maana kwenu huko mvuke unaondoka chumvi inabaki kila ukiongeza maji. Tandika neti ya kivuli juu ya plastiki, fungua pande mbili, na pampu ya hewa iwake usiku hasa, alfajiri ndo saa yao mbaya. Gapi wakizidi usiwamwage kwenye wadi, yale mabonde ya mito ya huko kwenu. Kwetu Ziwa Victoria sangara alipandikizwa miaka ya 1950 ikidhaniwa ni heri, miaka ya 1980 alikuwa ameshakomba aina kwa aina za furu.

Nilikuwa nimeshamaliza kuandika, yule mama wa Reading akatuma ujumbe. Kaenda dukani na ndoo nyeusi kweli, kijana wa duka akamwangalia kama mtu aliyekuja kuosha gari, akamtilia angel wawili. Anasema alitazama, akamwita mume wake, wakatazama wote, wakacheka. Wakajaribu redi zebra, wakajaribu wale wa njano. Wameweka oda ya wa njano 24, watachukua maji yakipimwa sifuri. Mtoto wake mdogo anauliza kama kila mmoja anaweza kupewa jina.

Mpe mmoja tu jina, mama, yule atakayekuwa wa kwanza kukimbilia mkono wa chakula. Wengine 23 toka juu hamtawatofautisha.